Daktari Garnham na Usubi wa Mito ya Kakamega

Ukilitaja jina la Profesa Garnham mbele ya mabingwa wa malaria, popote pale ulimwenguni, watakueleza habari za ini. Watakuambia kwamba yeye na mwenzake ndio walioonyesha mahali vijidudu vya malaria vinapojificha mara tu mbu anapomaliza kuuma, kabla havijaingia katika damu. Kwa kazi hiyo alipata nishani na sifa nyingi. Lakini sisi wa Kenya tunayo haki ya kumtazama kwa upande mwingine. Miaka 22 ya ujana na utu uzima wake aliimaliza katika nchi hii, na humo aliifanya kazi moja ambayo haikumpa umaarufu mkubwa, nayo ni vita dhidi ya maradhi yaliyokuwa yakiwapofua watu kandokando ya mito ya bara, tangu Nyanza ya Kusini hadi Kakamega.

La kustaajabisha ni hili. Bwana huyu aliyejulikana kwa kugundua maficho ya vijidudu, katika vita vile vya macho hakuyajua maficho ya adui yake. Alipigana gizani, akashinda.

Percy Cyril Claude Garnham alizaliwa mjini London tarehe 15 Januari, 1901. Alisomea udaktari katika hospitali kongwe ya Mtakatifu Bartholomew, akahitimu mwaka 1923, na mwaka uliofuata akamwoa Bibi Esther Long Price. Mnamo mwaka 1925 aliajiriwa katika idara ya utabibu ya serikali ya kikoloni akaletwa Kenya. Alikuwa kijana wa miaka 24.

Madaktari wa serikali siku zile walikuwa wachache, na kila mmoja alipewa eneo kubwa kuliko uwezo wake. Aghalabu daktari alitibu, akapasua, akapima damu na akakagua vyoo na visima, yote yeye. Wengi walichoka wakabaki kuandika ripoti za kila mwezi na kuhesabu siku za likizo. Garnham hakuwa wa namna hiyo. Alikuwa na udadisi usiotulia, na popote alipokwenda hadubini yake ilikuwa karibu. Mnamo mwaka 1929 alichapisha utafiti juu ya malaria katika mji wa Kisumu. Mwaka 1938 alitoa mwingine juu ya kondo la nyuma la wajawazito, akaeleza jinsi malaria inavyojazana mle, hata pengine damu ya mama ikipimwa mkononi isionekane kitu. Mwaka 1945 akaandika juu ya milipuko ya malaria katika nyanda za juu sana kama Londiani, mahali ambapo wazungu walidhani baridi ingewakinga na mbu. Msomaji ataona kwamba swali lake lilikuwa lile lile kila mara: huyu mdudu amejificha wapi?

Alishughulika pia na tauni, malale, homa ya papasi na homa ya manjano. Mwishowe akawa mkuu wa kitengo cha maradhi yaletwayo na wadudu huko Nairobi. Humo ndimo usubi alipomjia mezani.

MARADHI YA MTONI

Neno usubi kwetu pwani twalijua. Ni kile kidudu kidogo cha mikokoni kinachotutoa mbio jioni maji yakiwa yametoka. Usubi wa bara ninayemzungumzia hapa ni mwingine. Ni inzi mdogo mweusi mwenye mgongo uliobinuka kama nundu, apendaye mito ya maji ya kasi yenye kivuli cha miti. Jike lake hufyonza damu mchana, na huuma zaidi miguuni. Akimuuma mgonjwa huchukua vijinyoo vidogo mno kutoka katika ngozi yake, na baada ya siku kadhaa akimuuma mtu mwingine humtilia vijinyoo hivyo.

Vikishaingia mwilini hukua vikawa minyoo mirefu myembamba, ambayo hujiviringa pamoja chini ya ngozi na kufanya vinundu, hasa kiunoni na mbavuni. Humo minyoo hukaa miaka mingi ikizaa vijinyoo kwa maelfu kwa maelfu. Vijinyoo hutembea ngozini, na mgonjwa hujikuna usiku na mchana hadi ngozi ikunjamane kama ya mzee, au iwe na madoa meupe miguuni mfano wa chui. Vingine hufika jichoni. Vikiwa hai havina dhara kubwa. Vikifa, jicho huwaka kwa ndani, kioo chake kikaingia ukungu pole pole, na mwisho nuru hufungwa. Si kila aliyeumwa alipofuka, maana yalitegemea wingi wa kuumwa, mwaka baada ya mwaka. Ndiyo sababu waliopofuka zaidi ni wale wa mtoni hasa: mwenye shamba lake ukingoni, mwanamke achotaye maji alfajiri na jioni, na mchungaji anywesheaye ng'ombe.

Upofu huu haufanani na mtoto wa jicho, ambao mabingwa wa macho wa Baghdad walikuwa wakiutoa kwa sindano miaka elfu iliyopita. Ali bin Isa, aliyeandika kitabu kilichotumiwa kwa karne nyingi na matabibu wa macho wa Waislamu na wa Ulaya, alieleza mle maradhi ya jicho zaidi ya mia. Lakini ugonjwa huu wa mtoni hauna sindano. Jicho likishazibwa namna hii halizibuki.

Wataalamu waliujua ugonjwa huu kidogo kidogo, kipande hiki kutoka nchi hii na kipande kile kutoka nchi ile. Mnyoo wenyewe ulielezwa na Mjerumani Leuckart mwaka 1893, kutokana na vinundu vilivyotoka Gold Coast, ndiyo Ghana ya leo. Daktari Robles wa Guatemala akauhusisha na macho mwaka 1915. Blacklock akathibitisha huko Sierra Leone mwaka 1926 kwamba msambazaji ni usubi, na katika mwaka 1932 Hissette, Mbelgiji, akaeleza vipofu wa mto Sankuru katika Kongo. Kenya nayo ina sehemu yake katika hadithi hii, ambayo haitajwi mara nyingi. Miaka mitano kabla ya Blacklock, mnamo mwaka 1921, mtaalamu wa wadudu aitwaye Dry aliandika kutoka Kenya kwamba kulikuwa na ugonjwa wa watu ambao huenda ukawa unaletwa na usubi. Bwana Dry baadaye alihamia New Zealand akajishughulisha na kondoo, hata kuna aina ya kondoo huko iliyopewa jina kutokana na lake. Usubi akaachwa mtoni miaka 20 na ushei.

KAKAMEGA YA WAKATI ULE

Watu wa pwani si wageni wa upande ule. Misafara ya babu zetu ilifika Mumias katika karne ya 19 kutafuta pembe na chakula, na Uislamu ukaota mizizi katika mji ule wa Nabongo ambao haujang'oka hata leo. Wakoloni nao waliweka boma lao la kwanza Mumias, kisha mwaka 1920 wakalihamishia Kakamega. Hapo ni nchi nyingine kabisa na hii yetu ya minazi. Ni nchi ya mvua karibu kila alasiri, udongo mwekundu, na msitu mkubwa mnene wa namna ile ya Kongo. Mto Isiukhu unapita mle, na kusini yake mto Yala unateremka kutoka milima ya Nandi na kupita karibu na Kaimosi. Maji ni ya baridi, yanakwenda mbio juu ya mawe, na juu yake miti imefunga kama paa. Usubi angepewa fursa ya kujichagulia nyumba asingechagua pengine.

Mnamo mwaka 1931 ilipatikana dhahabu huko, na wazungu wakamiminika kwa mamia na ndoo zao na mahema yao. Serikali ilikuwa imetunga sheria mwaka 1930 ya kuwaahidi wenyeji kwamba ardhi yao haitaguswa. Mwaka 1932 sheria ile ilibadilishwa upesi upesi ili wachimbaji wapate nafasi. Nayataja haya kwa sababu moja. Kwa ajili ya dhahabu, serikali ya kikoloni ilipata nguvu na fedha katika muda wa miezi. Kwa ajili ya macho ya watu wa mito ile ile, ilichukua zaidi ya miaka 20.

Na hasara ya macho ilikuwa hasara ya mali pia, ingawa haikuandikwa katika daftari la mtu yeyote. Ardhi ya ukingoni mwa mto ndiyo yenye rutuba, ndiyo watu waliyoikimbia. Kila kipofu alihitaji mtoto wa kumshika fimbo na kumwongoza, na mtoto huyo hakwenda shule wala hakuchunga. Kodi ya kibanda ilitakikana vile vile. Tayari tangu mwaka 1923 kulikuwa na chama cha walipa kodi wa Kavirondo kilicholalamika juu ya uzito wa kodi na uchache wa faida iliyorudi kwa walipaji.

VITA VYA KODERA

Katika Nyanza ya Kusini kuna bonde dogo la msitu liitwalo Kodera. Hapo ndipo Garnham alipoamua kujaribu. Alikuwa pamoja na mtaalamu wa wadudu, J. P. McMahon, ambaye kwa maoni yangu anastahili nusu ya makala hii, na sehemu ya Kakamega anastahili yote. Garnham alikuwa na cheo na fikra, lakini McMahon ndiye aliyekuwa na subira ya kutembea mto kwa mto.

Usubi wa Kenya huitwa na wataalamu Simulium neavei. Shida yake kubwa ilikuwa hii. Usubi wa Afrika Magharibi hutaga mayai penye maji ya kasi, na mabuu yake huonekana wazi yakiwa yamejishika juu ya mawe na majani. Huyu wa kwetu alionekana akiruka na kuuma, lakini mabuu yake hayakuonekana. Walitafuta juu ya mawe, wakatafuta juu ya majani na juu ya magogo. Hakuna. Palikuwa na mtu mzima wa inzi bila utoto wake.

Sasa, mtu akitaka kumwangamiza mdudu kwa sumu ya majini, kawaida kwanza hujua mabuu yanakaa wapi ndipo apeleke sumu hapo. Garnham na McMahon hawakungoja. Katika eneo jingine la kusini, karibu na mto Riana, ilikuwa imeshaonekana kwamba miti ya ukingoni ikifyekwa na jua likapiga maji, usubi hutoweka. Kwa hivyo ilikuwa dhahiri kwamba maisha yake yamefungamana na mto na kivuli chake. Na kulikuwa na silaha mpya. Dawa ya DDT, ambayo nguvu yake juu ya wadudu iligunduliwa na Mswisi Paul Müller mwaka 1939, ilikuwa imetumiwa na majeshi wakati wa vita vya pili, na vita vilipokwisha ikaanza kupatikana makoloni.

Mnamo mwaka 1946 waliitia DDT katika mito ya Kodera. Haikuwa kumwaga ovyo. Dawa iliyochanganywa ilidondoshwa polepole mahali palipochaguliwa, na maji yenyewe yakaichukua kuteremka nayo. Kisha ikarudiwa baada ya siku kadhaa, na tena, na tena. Sababu ya kurudia ni kwamba dawa huua mabuu yaliyomo majini siku hiyo, wala haimgusi inzi mzima aliye juu ya mti, ambaye kesho atataga mengine. Basi ni lazima kuendelea mpaka kizazi kile cha juu kife kwa uzee bila kuacha mrithi.

Kujua kama usubi amekwisha kuliwahitaji watu wengine ambao vitabu haviwataji majina. Kazi ya kuhesabu inzi hao siku zile ilifanywa kwa vijana wa Kiafrika waliokaa ukingoni miguu wazi, na kila usubi aliyetua juu ya mguu alikamatwa kwa kichupa. Mguu wa mtu ndio uliokuwa mtego. Kila mmoja wao aliihatarisha ngozi yake, na macho yake pia, kwa mshahara mdogo. Baada ya dawa walikaa vile vile kutwa nzima, wakarudi na vichupa vitupu. Mwaka 1947 Garnham na McMahon walichapisha habari kwamba usubi ametokomezwa Kodera.

Kazi kama hiyo haikuwa bila hofu. Kuanzia Mombasa hadi Kisumu na ng'ambo ya Uganda watu walikuwa wakinong'ona habari za mumiani, ati wazungu wananunua damu ya watu. Mtaalamu wa usubi wa Uganda, Gibbins, aliuawa kwa mikuki huko West Nile mwaka 1942 alipokuwa katika safari za kuchukua damu za watu kwa ajili ya utafiti. Sisi tuliosikia hadithi za mumiani tangu utotoni hatuna haki ya kuwacheka wale wa West Nile. Mtu akija na sindano bila kujieleza, na nyuma yake yupo mkusanya kodi, atafahamikaje?

KAA WA MTONI

Siri ya mabuu ilifumbuka mwaka 1950, miaka minne baada ya ushindi wa Kodera, na waliofumbua ni McMahon huyo huyo na mwenzake van Someren. Mabuu ya usubi yalikuwa juu ya kaa. Si kaa wetu wa mikokoni, bali kaa wa maji matamu aishiye chini ya mawe ya mito ya bara. Mabuu yalijigandamiza juu ya gamba lake na kusafiri naye popote aendako. Kaa anapojificha shimoni mchana, mabuu yamejificha naye. Ndiyo maana watafutaji walipindua mawe yote wasione kitu, kwani waliangalia mawe na kumwacha kaa akimbie.

Habari hiyo ilitangazwa katika gazeti la sayansi la Nature, na wataalamu wa nchi nyingine walishangaa sana. Ilieleza pia kwa nini dawa ilifaulu Kodera bila ya mtu kujua njia yake. Maji yaliyochukua DDT yalipita juu ya mawe na chini ya mawe, yakamfikia kaa shimoni pamoja na abiria wake.

Sasa ndipo ilipofika zamu ya Kakamega, ambako si bonde moja dogo, bali ni msitu mzima wenye vijito visivyohesabika, tangu Kakamega na Kaimosi mpaka miteremko ya Nandi. Hapo ikabidi kila kijito kijulikane, kwa sababu kijito kimoja kikisahauliwa usubi atatoka humo na kurudi kila mahali. Kujua kaa kulisaidia mno. Badala ya kungoja inzi aume, wapimaji walitega kaa na kuwatazama magamba. Kaa safi maana yake mto safi. Katika miaka ya 1950, kwa muda wa miaka kadhaa, McMahon na wenzake Highton na Goiny pamoja na vikosi vyao vya wenyeji walizimaliza sehemu za Kericho na Nyanza ya Kaskazini, na Kakamega ikiwamo. Mwaka 1958 walitoa ripoti katika jarida la Shirika la Afya Ulimwenguni kwamba usubi yule ametokomezwa Kenya.

Wakati huo Garnham hayupo. Alikuwa ameondoka Kenya mwaka 1947.

INI

Mwaka ule wa mwisho wake hapa alikuwa akichunguza tumbili wa msituni. Ndani ya maini yao alikuta vijidudu vya jamaa ya malaria vikikua kimya kimya kabla ya kuingia damuni. Alikwenda London na jambo hilo kichwani, katika chuo cha maradhi ya nchi za joto, akaungana na Profesa Henry Shortt aliyekuwa ametumikia India. Kwa nusu karne wataalamu walikuwa wakijiuliza malaria hukaa wapi zile siku za kwanza baada ya mbu kuuma, maana damu ikipimwa haina kitu. Mwaka 1948 wawili hao walimwumisha tumbili mbu mamia, wakamchunguza ini, wakaiona. Mwaka huo huo, pamoja na Covell na Shute, waliithibitisha kwa binadamu aliyejitolea kuumwa na mbu na kukatwa kipande kidogo cha ini.

Dawa ya kuzuia malaria anayopewa msafiri leo huchaguliwa kwa kuzingatia jambo hilo. Mwaka 1951 Shortt na Garnham walipewa nishani ya Darling. Mwaka 1952 Garnham akawa profesa, na mwaka 1964 akachaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, heshima ambayo mwanasayansi wa Uingereza huiota. Kitabu chake kikubwa juu ya vijidudu vya malaria vya wanyama na binadamu kilitoka mwaka 1966. Hata alipostaafu mwaka 1968 hakukaa kitako. Mwaka 1980, umri wake ukikaribia 80, alikuwa miongoni mwa waliotangaza aina ya vijidudu vinavyolala usingizi ndani ya ini kwa miezi na kuamka, ndivyo vinavyomrudishia mtu malaria aliyodhani amepona.

WALIOZALIWA BAADAYE

Lakini turudi mtoni. Kumwua usubi hakukuwaponya waliokwisha kuambukizwa, kwa sababu minyoo iliyo katika vinundu huishi miaka mingi. Kwa hivyo baada ya dawa, mtu mzima wa Kakamega aliendelea kujikuna, na macho yake yaliendelea kuharibika kutokana na kuumwa kwa zamani. Hili lilikuwa gumu kwa wenyeji kulikubali, na haki yao. Wameambiwa ugonjwa umekwisha, na jirani yao anapofuka.

Katika miaka ya 1960 watafiti walirudi katika maeneo yale, baadhi miaka 9 tangu usubi atoweke, mengine 11, na Kodera miaka 18. Matokeo yalichapishwa mwaka 1967. Waliozaliwa baada ya usubi kutoweka hawakuwa na vijinyoo. Wakubwa bado walikuwa navyo, lakini vikipungua kadiri miaka ilivyokwenda, na huko Kodera vilikuwa vimekaribia kwisha kabisa. Minyoo ilikuwa ikifa kwa uzee mmoja mmoja. Kenya ndiyo iliyowafundisha wengine umri wa mnyoo huu, na kwamba mwenye kuanza vita hivi ajiandae kwa miaka 15 au zaidi.

Somo hilo lilikuwa na bei. Mwaka 1974 nchi za Afrika Magharibi zilipoanza vita vyao dhidi ya usubi, Benki ya Dunia na Shirika la Afya Ulimwenguni na mengineyo yalijua kwamba mfuko lazima uchangwe wa miaka mingi, si wa msimu mmoja. Mradi ule ulikwisha mwaka 2002. Jambo la fedha halikuwa dogo, kwa kuwa maradhi haya ni ya watu wa vijijini wasio na kitu, wala hakuna kiwanda kinachotajirika kwa kuwauzia. Dawa ya vidonge ilipopatikana, iitwayo ivermectin, kampuni ya Merck mwaka 1987 iliamua kuitoa bure kwa kila anayeihitaji, kwa muda wote itakaohitajika. Mtu aliyesukuma majaribio yake ya kwanza kwa wagonjwa, huko Dakar mwaka 1981, ni daktari Mwislamu mzaliwa wa Bangladesh, Mohammed Aziz. Alifariki mwaka ule ule wa 1987, dawa yake ikiwa ndiyo kwanza inaanza kutolewa. Naye pia habari zake hazijulikani huku kwetu.

Kuna wanaomlaumu Garnham kwa DDT. Ni kweli kwamba sumu ile haifi upesi, na tangu Rachel Carson alipotoa kitabu chake mwaka 1962 dunia imejua madhara yake kwa ndege na samaki. Mwaka 1946 hayo hayakuwa yamejulikana. Kwa kipimo changu, kipimo kilichohesabiwa, kudondoshwa mtoni kwa majuma kadhaa kisha kukoma, hakiwezi kuwekwa pamoja na mapipa yaliyomiminwa juu ya mashamba ya pamba miaka nenda miaka rudi. Lakini wenyeji wa Isiukhu na Yala hawakuulizwa, na lawama hiyo haiondoki.

Garnham alifariki siku ya Krismasi mwaka 1994, akiwa na miaka 93. Vioo vya hadubini alivyokusanya maisha yake yote, vikiwamo vile vya tumbili wa Kenya, vimehifadhiwa London, na orodha yake ilichapishwa mwaka 1986 kuwa kitabu kizima. Vichupa vya usubi wa Kakamega vilikuwa kazi ya McMahon na vijana wale wa miguu wazi.